Mtunza Mbegu wa Wakristo

Ukimwomba kitu, jibu lake la kwanza lilikuwa hapana. Hata ukimwomba kijinga cha moto asubuhi ya baridi, angesema hapana, kisha angeinama mekoni, achukue kijinga, akukabidhi bila kukutazama. Sisi watoto wa majirani tulijifunza mapema kusimama palepale baada ya hapana ya kwanza. Hapana ya pili ndiyo iliyokuwa na maana, na aliyeisikia alijiondokea.

Nilimfahamu tangu utoto wangu, katika miaka ya Mdachi, hadi nilipokuwa mwalimu wa chuo mwenye mvi za kwanza. Tembe lao na letu yalitazamana, na bintiye Lea alikuwa rika langu. Hata hivyo sikumbuki mtu yeyote akimwita yule mama kwa jina lake. Aliitwa Mtunza Mbegu na wote, hata na mumewe kabla hajachukuliwa upagazi na kutorudi.

Cheo hicho chahitaji kuelezwa, kwa maana vijana wa sasa hawakijui. Huku kwetu, katika mbuga zinazoelekea Haneti, mtu hakupanda mbegu yake hivihivi. Kabla ya mvua kila kaya ilipeleka mbegu kidogo kwa mtemi, naye akaitia dawa. Ile yenye dawa ilichanganywa na iliyobaki nyumbani, ndipo jembe likaingia ardhini. Asiyefanya hivyo alihesabiwa miongoni mwa wanaoifukuza mvua. Wazazi wetu walipobatizwa waliacha desturi hiyo, na ndugu zao wakawaambia neno moja tu: msije kutuomba. Lilikuwa neno zito, kwa sababu mvua ya kwanza ya Ugogo ni mlaghai. Hunyesha, mbegu ikaota, kisha jua likaiua, na mwenye mbegu ya pili ndiye atakayekula. Kwa hiyo Wakristo wachache wa hapo waliweka mbegu yao mahali pamoja, katika kilindo, lile pipa kubwa la gome la mti, wakatafuta mtu wa kukaa nayo.

Walimchagua yeye. Mzee wa kanisa alipoulizwa kwa nini amepewa mwanamke, alijibu, "Wanaume wana marafiki."

Na kweli hakuwa na marafiki. Alikuwa na mikono mirefu, mikavu, yenye vidole vilivyoweza kulipapasa suke la uwele na kulitambua lenye punje tupu kabla jicho halijaliona. Wakati wa mavuno alipita katika mashamba yetu akichagua masuke ya mbegu, na daima alichukua yale mazuri ambayo mwenye shamba alikuwa ameyatamani. Shambani kwake alifanya vivyo hivyo, bila kujihurumia. Hivyo kila mwaka yeye na Lea walikula uwele mdogo uliodumaa, huku ule mnono ukilala ndani ya kilindo umechanganywa na majivu. Mama yangu alimtania siku moja wakiwa kisimani: "Mwenzetu, Mungu atakuuliza ulikula nini duniani." Akajibu, "Nitamwambia makapi. Wewe utamwambia nini?" Wanawake walicheka hadi vibuyu vikatikisika, na mama yangu akacheka kuliko wote, ingawa alirudi nyumbani amenuna.

Nisimfanye kuwa malaika. Alitupiga watoto wa watu kama alivyompiga wake. Alikuwa na kisirani cha asubuhi. Tena alinusa ugoro, jambo ambalo misheni ililikataza vikali. Pombe aliiacha siku aliyobatizwa na hakuigusa tena, hata kwenye harusi za nduguze waliomcheka, lakini ugoro ulimshinda. Wenzake walionusa kwa siri waliingia mezani pa Bwana wamejifuta pua vizuri. Yeye aliulizwa kama wengine, akasema mbele ya kusanyiko, "Nimenusa. Na kesho nitanusa." Mwinjilisti, mtu mpole aliyependa mambo yaishe, akamnong'oneza, "Sema tu kwamba unajitahidi." Akasema, "Sijitahidi." Akatengwa na meza msimu mzima. Kila Jumapili aliketi nje ya mlango, juani, akiimba kwa sauti kubwa kuliko waliokuwa ndani.

Kutosema uongo kulikuwa kwake kama ugonjwa. Watu walikuja kutoka mbali kumposa binti wa jirani yetu, wakamkuta yeye njiani wakamwuliza kama msichana ni mchapakazi. "Asubuhi mvivu," akasema, "jioni anafanya kazi." Mama wa binti alimfuata hadi mlangoni pake akipiga kelele: "Wewe mwanamke! Nani aliyekuuliza?" Akajibu, "Wao." Harusi ilifungwa licha ya hayo, na huyo bibi harusi, hadi alipozeeka, aliamka jua likiwa juu.

Basi ikaja vita ya Wadachi na Waingereza. Mmisionari wetu alikuwa Mwingereza, akachukuliwa na kuwekwa kizuizini. Sisi tuliobaki tukawa watu wa kutiliwa shaka, kana kwamba kusali kwa kitabu chake kulikuwa kumpelekea Mwingereza habari. Mwinjilisti alifungwa minyororo akapelekwa boma la Dodoma. Wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo. Ng'ombe wakachukuliwa, kisha mbuzi, kisha nafaka, na mwaka uleule mvua ikakataa.

Kabla askari wa kukusanya nafaka hawajafika kwetu, wanawake wa Kikristo walikutana kwa Mtunza Mbegu. Wakaingiza kilindo katika chumba cha ndani kabisa cha tembe, wakajenga mbele yake ukuta wa pili wa miti na udongo, wakaukandika. Udongo mbichi hujulikana kwa rangi yake. Kwa hiyo wakahamishia mafiga chini ya ukuta huo, wakachoma kuni mbichi hadi masizi yakaufanya mzee kama nyumba nzima. Lea na mimi tulibeba maji ya kukandia udongo. Siku hiyo watu wote walikubaliana, na kila mmoja alisema kwa kinywa chake, kwamba ukuta hautavunjwa mpaka mvua inyeshe, hata nani aje kuomba.

Ni rahisi kukubaliana hivyo kabla ya njaa. Ilipofika, tulikula mlenda mtupu bila ugali, kisha mizizi, kisha tukachemsha ngozi tulizokuwa tukizilalia. Mdogo wangu wa kiume alivimba miguu. Mama yangu alivuka uwanja akaenda kwa Mtunza Mbegu, nami nikamfuata nyuma.

"Nipe fungu letu," mama akasema. "Si lote. La kumpikia mtoto uji."

"Hapana."

Mama akasimama palepale, kama sote tulivyojua kufanya.

"Mwenzangu, ni mbegu yangu. Niliileta kwa kichwa changu."

"Uliileta ili usipewe."

"Una mtoto wewe!"

"Yule pale," akasema, akamwonyesha Lea aliyelala kando ya mafiga, mgongo wake ukiuegemea ule ukuta. "Mtazame kama anakula." Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, "Hapana."

Mama aliondoka bila kuaga. Mdogo wangu tulimzika kabla ya wiki hiyo kwisha.

Askari walikuja wakati watu walikuwa hawana tena nguvu ya kuwakimbia. Waliongozwa na jumbe wetu, mtu wa hapohapo, ambaye naye alikuwa ameahidiwa kiboko ikiwa magunia yangerudi matupu. Walipekua tembe moja baada ya jingine, wakichoma mikuki katika matandiko. Walipofika kwa Mtunza Mbegu walitusukuma sisi sote nje ya lango. Ndani walibaki yeye, Lea ambaye hakuweza kusimama, askari na jumbe. Mdachi mwenyewe, mkuu wao, alibaki mbali, juu ya nyumbu wake, akijipepea kwa kofia.

Sauti ya Mtunza Mbegu ilikuwa ile ya kuimba nje ya mlango wa kanisa, hivyo tulimsikia vema.

"Bibi, una nafaka?"

"Ninayo."

Nje ya lango mwanamke mmoja alijishika kichwa. "Jamani, ameua watu huyu! Aseme sina! Neno moja tu, sina!"

"Iko wapi?"

"Sitasema."

Tulisikia jumbe akimsihi kwa Kigogo, akimwita mama, akimwambia asimponze. Kisha tukasikia kiboko. Hesabu ya kiboko cha Mdachi ilijulikana kwa kila mtu, hata watoto, na wanawake walikuwa wakiifuata kwa midomo. Hesabu ile haikufika mwisho. Katikati kukawa kimya. Kisha tukasikia jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: askari wakicheka. Wakatoka langoni wakicheka, mmoja akizungusha kidole kando ya sikio lake, wakaelekea tembe linalofuata. Ukuta haukuguswa.

Miaka iliyofuata nilisikia mahubiri mengi juu ya siku hiyo. Wahubiri walisema kwamba Bwana aliushika mkono wa askari kwa sababu mtumishi wake hakusema uongo. Mmoja alisema mkono ulipooza. Kicheko hawakukitaja, na mimi niliyekisikia nilidhani labda sikusikia sawasawa. Mtunza Mbegu alihudhuria mahubiri hayo. Aliketi nyuma, uso wake umefungwa, na mara moja nilimwona akinyanyuka na kutoka kabla ya sala ya mwisho.

Lea alikufa siku chache baada ya askari kupita. Alifia palepale kando ya mafiga, na nyuma ya mgongo wake, upande wa pili wa udongo usiozidi unene wa kiganja, kulikuwa na uwele wa kuwapikia uji watoto wote wa mtaa wetu. Mama yangu ndiye aliyemwosha. Alivuka uwanja, akamwosha mtoto wa mwanamke aliyemnyima, akamfunga nguo, akarudi. Wale wawili hawakuzungumza siku hiyo, na kwa muda mrefu hawakuzungumza.

Mvua iliponyesha, Mtunza Mbegu aliuvunja ukuta kwa jembe, peke yake. Alikusudia kumgawia kila Mkristo sehemu yake. Lakini uwanjani walikuwa wamesimama watu wengine pia, wale wa mtemi, ndugu zetu waliotuambia tusiwaombe. Mbegu yao ilikuwa imechukuliwa na askari au imeliwa. Miongoni mwao alikuwemo mke wa mtemi mwenyewe, ameshika kibuyu, anatazama chini.

Mzee wa kanisa akasema, "Hii ni mbegu ya waumini."

"Najua," akasema Mtunza Mbegu.

"Watu wamekufa kwa ajili yake."

"Wangu mmoja. Wako?"

Watoto wa mzee walikuwa hai wote.

"Hawa wakipanda watakwenda kuitia dawa!" akasema mtu mwingine.

"Labda wataitia." Akaanza kugawa kwa kata, Mkristo na asiye Mkristo, kata ileile. Alipomfikia mke wa mtemi alisema, "Hapana," kwa mazoea, kisha akamjazia kibuyu. Kulikuwa na watu waliocheka. Nadhani ndicho kicheko cha kwanza nilichokisikia kwetu tangu kile cha askari.

Mama yangu alipokea fungu letu, akapanda, akilipiga jembe ardhini kama mtu anayempiga mtu. Uwele ulikomaa, nasi tukala. Nikihesabu waliopona mwaka huo, nami nikiwemo, sioni ambaye hakuponea katika kilindo kile. Lakini sijawahi kuwaona watu wakimpenda kwa ajili hiyo. Walimheshimu, wakampisha njiani, wakawatisha watoto wao kwa jina lake. Nyimbo za kutwanga zilikuwa na ubeti juu ya mama aliyezaa kilindo. Aliusikia. Siku moja aliwapita wanawake wakitwanga na kuuimba, akasimama, akawaambia ubeti haukai vizuri mwishoni, akawaonyesha jinsi ya kuuimba, akaenda zake.

Hakuiacha kazi ile hadi kilindo chenyewe kilipokosa maana, watu walipoanza kununua mbegu sokoni. Kwa wagonjwa alikwenda bila kuitwa, hata kwa wakoma, na aliwahudumia vizuri, akiwanung'unikia. Chakula chake kilibaki kile kibaya. Wengine walisema anatubu, wengine wakasema ni mazoea. Mimi nilipopata elimu niliamua kwamba ni utakatifu, na kwa muda mrefu niliridhika na uamuzi wangu.

Ndivyo nilivyomwendea mara ya mwisho. Nilikuwa nafundisha wanawake watakaokuwa walimu, na nilitakiwa kutayarisha somo juu ya kujikana nafsi na ushujaa wa Mkristo. Sikutaka kutumia mifano ya nchi za mbali. Nikaenda Makutupora, ambako mpwa wake alikuwa amemchukua baada ya macho yake kufa. Nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha ukuta, anachambua mboga kwa vidole, bila kuziona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?"

"Mtoto wa jirani yako wa ng'ambo ya uwanja. Yule mwalimu."

"Ee, wewe. Umenenepa. Nakusikia unavyokanyaga."

Nikamweleza kilichonileta. Nikamwambia nataka kuwasimulia wanafunzi wangu jinsi alivyokataa kusema uongo chini ya kiboko, na jinsi Mungu alivyokizuia. Aliendelea kuchambua mboga.

"Hakukizuia Mungu," akasema. "Alikizuia Lea."

Sikumwelewa, nikamwambia hivyo.

"Alitambaa akatoka hadi uani. Akawaambia, 'Msimpige, mama yangu amerukwa na akili. Tangu njaa iingie, kila anayekuja humwambia ana nafaka. Hatuna kitu.' Wakamwambia, 'Wewe mtoto unatudanganya.' Akalivua lile gome la mti alilojifunga kama nguo, akawaambia, 'Nitazameni. Tungekuwa na nafaka, ningekuwa hivi?' Wakamtazama. Wakacheka, wakaondoka."

Mpwa wake alikuwa akipasua kuni upande wa pili wa nyumba. Tulisubiri shoka linyamaze.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nilinyanyuka pale chini. Mgongo ulikuwa haujaacha kutoka damu. Nikamwambia amesema uongo, tena uongo juu ya mzazi wake. Nikampigisha magoti atubu." Vidole vyake vilikuwa vimetulia juu ya mboga. "Hakuweza kukaa kwa magoti. Nilimshika mabega, nikamshikilia mpaka amalize. Alitubu vizuri. Alikuwa mtoto wa kuelewa. Hakupiga magoti tena baada ya hapo."

Nikavuta mboga upande wangu, nikaanza kuchambua mimi.

"Wewe umesoma," akasema. "Niambie. Ile toba, Mungu aliipokea? Kwa sababu kama aliipokea, basi mwanangu alitenda dhambi kuniokoa mimi na nyinyi nyote. Na kama hakuipokea, kwa kuwa haikuwa dhambi, nilimpigisha magoti bure, naye anakufa. Ni ipi?"

"Sijui, mama."

Akageuza uso wake upande nilioketi, kana kwamba anataka kuniona.

"Vema," akasema. "Mchungaji niliyemwuliza alisema anajua."